Mgonjwa si rehani



Kila tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Ulimwenguni ambayo Papa Yohane Paulo II aliianzisha mwaka 1992, makundi ya parokia zetu huingia hospitalini na sabuni, sukari, ndizi na nyimbo. Xaveri hufagia ua, Kiro huteka maji, Skauti husaidia kuwabeba wasioweza kutembea. Hayo ni mema, na yaendelee. Lakini katika hospitali nyingi za nchi yetu kuna chumba kimoja ambacho wageni hawapelekwi. Wanaolala humo hawana tena ugonjwa. Homa imeshuka, kidonda kimefunga, mtoto amezaliwa na ananyonya vema. Mganga amekwisha kuandika kwamba waende nyumbani. Hawaendi, kwa sababu fakture haijalipwa, na mlinzi wa lango ameamriwa asimruhusu mtu kupita bila karatasi ya dirisha la malipo.

Juu ya chumba hicho tunataka kusema bila kuzungukazunguka. Kumzuia mtu aliyepona kwa sababu ya deni ni kumfunga mtu. Na msimamizi wa hospitali, yule ambaye wengi tunamwita AG, akiikubali desturi hiyo, ameshindwa kazi yake mara mbili: mbele ya mgonjwa, na mbele ya mfanyakazi wake pia. La kwanza watu wengi wanalikubali upesi. La pili halionekani kirahisi, nalo ndilo tutakalolieleza kwa urefu.

Mtu asidhani kwamba tunamnyoshea kidole jirani mmoja. Mwaka 2018 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walitembelea hospitali zaidi ya 20 katika nchi yetu, wakakuta kwamba karibu zote zinawazuia wagonjwa wasioweza kulipa. Jambo limekuwa desturi, na desturi ina hatari hii: humzoeza hata mtu mwema. Muuguzi hupita mbele ya chumba kile asubuhi na jioni, na baada ya miezi michache hakioni tena.

Sheria, hata hivyo, inakiona. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Kifungu cha 17 kinakataza mtu kukamatwa au kufungwa isipokuwa kwa nguvu ya sheria na kwa njia ambayo sheria imeiweka. Tangu mwaka 1976 nchi yetu imejiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 chasema kwamba mtu hawezi kutiwa kifungoni kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Basi ni hakimu gani aliyeandika hati ya kumfunga mama yule na mtoto wake wa siku tisa? Hakuna. Karani wa malipo ndiye aliyekuwa mwendesha mashtaka, hakimu na askari, yote kwa kalamu moja.

Tunajua jibu linalotolewa. Husemwa: "Ninyi vijana na walei mnasema maneno mazuri, lakini mazuti ya jenereta hainunuliwi kwa maneno mazuri. Tukimwachia mmoja, kesho wote watasema hawana kitu. Hospitali itafunga mlango, na hapo maskini atatibiwa wapi?" Jibu hilo si la kipuuzi, na anayelicheka hajapata kuendesha hata kituo kidogo cha afya. Tulisikilize mpaka mwisho, kisha tulijibu.

Fedha ya hospitali yatoka wapi? Nchi yetu imegawanywa katika zone za afya zaidi ya 500, na kila zone hutazamiwa kuwa na hospitali kuu ya rufaa, na chini yake vituo vya afya. Kwa maandiko, serikali ndiyo inayolipa wafanyakazi. Kwa matendo, wauguzi wengi hawana namba katika orodha ya mishahara ya serikali. Wengine hupata prime ya hatari bila mshahara, wengine hawapati hata moja kati ya hizo mbili. Wanachopata mwisho wa mwezi ni ile prime ya hospitali yenyewe, nayo hutolewa katika malipo ya wagonjwa. Kwa maneno mafupi: muuguzi hula kwa fakture ya mgonjwa. Mwanamke aliyelala kitandani ndiye anayemlipia muuguzi kodi ya nyumba na karo ya watoto, ingawa hajui.

Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Muuguzi ambaye hajalipwa kwa miezi mitatu humwona mgonjwa asiyelipa kama mtu aliyemwibia. Mgonjwa anayeambiwa anunue glavu, seramu na sindano kabla ya kuguswa humwona muuguzi kama mnyang'anyi. Methali inasema kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hapa nyasi ndizo zinazopiganishwa zenyewe kwa zenyewe, na tembo hata hawaonekani. Maskini mmoja amewekwa kuwa mlinzi wa maskini mwenzake. Na katikati yao, akiwa na ufunguo wa sanduku mkononi, amekaa msimamizi.

Ndiyo maana twasema kazi yake ni kuhudumia pande mbili kwa wakati mmoja. Yeye si mtetezi wa sanduku dhidi ya wagonjwa. Wala si mtu wa huruma anayetoa mali ya wafanyakazi wake ili yeye asifiwe kanisani. Msimamizi anayewasamehe wagonjwa wote kwa jasho la wauguzi wasiolipwa ametenda dhuluma upande mwingine, na wauguzi watailipiza usiku, wakati yeye amelala: dawa itauzwa chini ya meza, na anayetoa kitu ndiye atakayeguswa kwanza. Anayetaka mgonjwa atendewe kama mtu ni lazima kwanza ahakikishe kwamba anayemtendea anaishi kama mtu.

Tutazame sasa kama chumba cha wadeni kinamsaidia kweli mfanyakazi. Mtu aliyezuiliwa halimi shamba, hauzi sokoni, haendeshi pikipiki, hachimbi mchanga. Kila siku anayolala pale, uwezo wake wa kulipa unapungua, na deni la kitanda linaongezeka. Kitanda chake hakimpokei mgonjwa mwingine ambaye pengine angelipa. Jamaa zake wanauza mbuzi, kisha shamba, kisha mashine ya kushona ambayo ndiyo ilikuwa mkate wao, na mwakani watakuwa maskini zaidi kuliko mwaka huu. Lakini hasara kubwa zaidi haiandikwi katika daftari lolote. Ni yule mama wa mtaani aliyesikia habari ya chumba kile. Siku yake ya kujifungua ikifika, atabaki nyumbani. Damu ikizidi, ataletwa akiwa amechelewa, naye atahitaji upasuaji na damu ya kuongezwa, yaani fakture kubwa mara nyingi kuliko ile aliyoikimbia. Au hataletwa kabisa. Hospitali inayotisha watu hujinyima yenyewe wagonjwa wake, na kwa hiyo huwanyima wafanyakazi prime zao. Ndivyo msimamizi anavyowakosea wote wawili kwa tendo moja.

Mwinjili Luka anatusimulia juu ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, na Msamaria aliyemhurumia. Mahubiri mengi huishia kwa Msamaria. Sisi tungependa vijana wamtazame pia mtu ambaye hana jina wala sifa katika habari ile: mwenye nyumba ya wageni. Yeye ndiye aliyebaki na majeruhi baada ya mwenye huruma kuendelea na safari. Aliyefua vitambaa vyenye damu ni yeye, na aliyeamka usiku ni yeye. Tena tazameni namna mambo ya fedha yalivyopangwa. Msamaria hakumwambia afanye kazi bure kwa ajili ya Mungu. Alimpa dinari mbili, akaahidi kwamba kitakachozidi atakilipa atakaporudi. Naye mwenye nyumba hakumshika majeruhi kuwa rehani mpaka ahadi itimizwe. Mgonjwa hakufungwa, mhudumu hakudhulumiwa, na aliyelipa alikuwa mtu wa tatu. Katika mambo hayo matatu umo msingi wote wa hospitali yenye haki.

Mtu wa tatu huyo, kwetu, ni nani? Wa kwanza ni serikali, na hatutaificha. Mwezi wa Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kutoa 15 kwa mia ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Mwezi wa Septemba 2023 serikali yetu ilianza Kinshasa mpango wa kujifungua bila malipo, kisha ukapelekwa hatua kwa hatua katika majimbo mengine ya nchi. Ni mpango wa haki, na ni wajibu wa kila raia kudai kwamba hospitali zilipwe kwa wakati kile zilichoahidiwa. Maana uzazi wa bure usiolipiwa na mtu ni mzigo mwingine tu juu ya mgongo wa mkunga. Lakini kuilaumu serikali kusiwe mto wa kulalia. Kuna mambo ambayo serikali haikuyakataza, wala hayangoji senti yake.

Mwaka 1987, katika mji wa Bamako, mawaziri wa afya wa Afrika, pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, walikubaliana kwamba wananchi wachangie gharama za dawa na matibabu. Mapatano yale yalikuwa na miguu miwili: wananchi walipe, na wananchi hao hao washiriki kusimamia fedha waliyolipa. Mguu wa kwanza tumekatiwa mapema, nao unatembea mpaka leo. Mguu wa pili umesahauliwa. Ni hospitali ngapi ambazo hesabu ya mwezi inabandikwa ukutani, mahali ambapo mgonjwa na muuguzi wanaweza kuisoma? Bei zenyewe hazibandikwi. Mgonjwa huingia bila kujua atatoka na deni gani, kama mtu anayepanda pikipiki usiku bila kupatana bei. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na mficha hesabu, mgomo wa wauguzi humfichua.

Tena nchi yetu haikukosa walimu. Kasongo, katika Maniema, tangu mwaka 1971, waganga na wananchi walionyesha kwamba vituo vya afya vilivyo karibu na watu, vikiunganishwa na hospitali moja, vinaweza kuhudumia eneo zima kwa gharama ndogo. Bwamanda, huko kaskazini-magharibi, mwaka 1986 ulianzishwa mfuko wa bima ya hospitali. Jamaa zililipa mchango mara moja kwa mwaka, na mwanachama aliyelazwa alidaiwa 20 kwa mia tu ya gharama. Waliofanya hivyo hawakuwa matajiri, walikuwa wakulima. Na tangu tarehe 8 Februari 2017 tunayo sheria inayoweka misingi ya mashirika ya kusaidiana, yale tunayoyaita mutuelle. Njia imefunguliwa. Wapitaji ndio wachache.

Basi tuseme kwa uwazi tunachomdai msimamizi, ili asiseme kwamba tunadai muujiza. Bei ziandikwe kwa kila aina ya matibabu, kiasi kimoja kinachojulikana, kisha zibandikwe langoni kwa Kiswahili. Siku ya kulipa prime itangazwe, na ikifika, ilipwe. Ikishindikana, wafanyakazi wote waitwe waelezwe sababu pamoja, kuanzia mganga mkuu hadi mfagiaji, na upungufu ukatwe kwa wote kwa uwiano, bila kuanza na wadogo. Glavu, maji na taa za chumba cha kujifungulia viwe matumizi ya kwanza, kabla ya mafuta ya gari la wakuu. Mgonjwa asiyeweza kulipa aruhusiwe kwenda na deni lake, akiandikiana na hospitali namna ya kulipa kidogo kidogo, na watu wawili wanaomjua wakiwa mashahidi. Tena msimamizi apite katika vyumba usiku, angalau mara moja kwa juma. Yapo mambo ya hospitali ambayo hayaingii katika ripoti: choo kisicho na maji, muuguzi mmoja kwa wagonjwa arobaini, bibi anayelala sakafuni chini ya kitanda cha mjukuu wake. Anayeona kwa macho yake hupanga bajeti kwa namna nyingine.

Watasema tena: "Lakini wapo maskini wa uongo." Wapo, hatukatai. Lakini nani anayewafahamu? Karani wa malipo hamjui mtu. Anaona uso na karatasi. Shirika la mtaani ndilo linalojua nani amefiwa na mume, nani ana nyumba mbili za kupangisha, nani hukopa unga kila jioni. Kama kila shirika lingekuwa na watu wawili waaminifu wa kushuhudia mbele ya hospitali, uongo ungepungua zaidi kuliko unavyopunguzwa na kufuli. Kufuli haimtambui mwongo. Mara nyingi mwongo mwenye fedha hupata njia ya kutoka, na maskini wa kweli ndiye anayebaki.

Hapa tunaziambia pia hospitali za Kanisa, ambazo ni sehemu kubwa ya matibabu katika nchi hii, nazo husimamiwa katika majimbo yetu na ofisi ya BDOM. Msalaba uliochorwa juu ya lango hauongezi utakatifu wa kufuli iliyo chini yake. Tunadai kwao zaidi, kwa sababu wao wenyewe wamejitangaza kuwa nyumba ya Yezu mgonjwa. Wapo wanaofanya vema, tena kwa shida kubwa, katika maeneo ya vita ambako mishahara haifiki na barabara imekatika. Hao tunawaheshimu kwa moyo wote. Ila heshima kwa wema isiwe pazia la kufunika mabaya.

Ninyi vijana, mnahusikaje? Wengi wenu mnaota kuwa waganga, na tunaombea ndoto hiyo. Lakini tumesikia mara nyingi kazi ya usimamizi ikidharauliwa, kana kwamba ni kazi ya karatasi kwa aliyekosa nafasi penginepo. Camillus wa Lellis, ambaye Kanisa limemfanya mwombezi wa wagonjwa, wauguzi na hospitali, alikuwa askari na mcheza kamari kabla ya kuongoka. Katika hospitali ya San Giacomo huko Roma, kabla ya kuwa padri, alikuwa msimamizi wa nyumba: aliangalia vyakula, shuka, fedha na watumishi. Katika kazi hiyo hiyo aliona jinsi wagonjwa wanavyotelekezwa na watumishi wa kukodiwa, ndipo lilipozaliwa wazo la kuanzisha jumuiya ya watu watakaowahudumia kwa upendo. Wito wake ulizaliwa kati ya ghala na daftari. Basi anayeingia leo katika ISTM kusomea usimamizi wa taasisi za afya asione haya. Dawa iliyoisha kwa sababu ya hesabu mbovu huua sawasawa na dawa iliyokosewa.

Na wale ambao hawatakuwa wasimamizi wana kazi pia. Katika kila eneo la afya kuna kamati ya maendeleo, CODESA, ambamo wananchi wana haki ya kukaa na kuuliza. Mara nyingi viti vyake vimejaa wazee wachovu, au havina mtu. Kundi la vijana lenye wanafunzi wa hesabu likipeleka wawili humo, mwaka hautaisha kabla bei hazijabandikwa ukutani. Kundi hilo hilo laweza kuanzisha mutuelle ndogo kati ya jamaa za shirika lake, franka kidogo kila mwezi, daftari wazi, sanduku lenye funguo tatu mikononi mwa watu watatu.

Tutakapokwenda hospitalini tarehe 11 Februari, tuchukue sabuni na ndizi kama kawaida. Tukiisha kuimba, tuombe kwa adabu kuonana na msimamizi. Tumwulize wafanyakazi wamelipwa mara ya mwisho lini, na ni wagonjwa wangapi waliopona ambao hawajaruhusiwa kwenda. Tusimwulize kama maadui. Pengine amekaa na maswali hayo peke yake kwa miaka, na hakuna aliyewahi kumjia kuyabeba pamoja naye. Lakini tumwulize, na tusiondoke bila jibu.

Ya kujadiliana katika kundi:

1. Katika hospitali iliyo karibu nasi, bei za matibabu zinajulikana kabla ya kutibiwa? Nani kati yetu atakwenda kuziuliza juma hili?

2. Mgonjwa asiyelipa na muuguzi asiyelipwa wakikutana, sisi huwa tunamtetea nani? Ni nini kinachotuzuia kuwatetea wote wawili?

3. Shirika letu linaweza kuwa shahidi wa jirani maskini mbele ya hospitali kwa njia gani, na tutamkatazaje tajiri asijifiche nyuma ya ushahidi huo?